Warsan Shire: Anayasema Yale Mama Zetu Waliyoyameza

Aprili 23, 2016, usiku ambao Beyoncé aliachia Lemonade kupitia televisheni ya HBO, watu walikuwa wanaulizana swali moja tu: kwani Jay-Z kafanya nini? Umbea ulikuwa wa kumwaga. Lakini waliotulia wakasikiliza vizuri waligundua jambo jingine. Kati ya wimbo na wimbo, Beyoncé haimbi. Anaongea. Taratibu, kama mke anayezungumza na mumewe usiku watoto wakiwa wamelala.

Maneno yale yalitoka kwenye mashairi ya mwanamke mwingine, na jina lake limeandikwa kwenye orodha ya waliotengeneza filamu hiyo: Warsan Shire. Wakati huo alikuwa na miaka 27 tu.

Na hapa ndipo utakapofurahi, msomaji wangu. Mwanadada huyu hakuzaliwa New York wala London. Alizaliwa hapa jirani, Nairobi, mwaka 1988, wazazi wake wakiwa Wasomali.

Mtoto wa watu wa mashairi

Familia ilihamia Uingereza Warsan akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, watu wakatawanyika kila kona ya dunia, na London ikapokea wengi. Warsan alikua katikati ya watu hao: shangazi, wajomba na majirani ambao nyumba zao zilibaki kwenye kumbukumbu tu.

Sasa, kwa Wasomali ushairi si kitu cha darasani. Shairi linaghaniwa, linatunzwa kichwani, na enzi za kaseti lilisafiri kutoka mkono mmoja hadi mwingine kama wimbo mpya wa bendi. Wanawake wana aina yao wenyewe, inaitwa buraanbur, na mpaka leo husikika kwenye harusi. Kwa hiyo binti huyu hakuokota fani barabarani. Aliikuta kwenye damu.

Akiwa bado msichana mdogo alihudhuria mafunzo ya ushairi mtaani kwao, Wembley, chini ya mshairi Jacob Sam-La Rose. Huyo ndiye aliyemshika mkono mpaka kitabu chake cha kwanza kikatoka.

Kinasa sauti mkononi

Wengi wetu tumelelewa kwenye nyumba zenye sheria moja isiyoandikwa popote: ya ndani hayatoki nje. Mama kalia usiku, asubuhi anachemsha chai kama hakuna kilichotokea. Shangazi karudishwa kwao, sababu hutaambiwa. Ukiuliza unaambiwa, "Hayo ni mambo ya wakubwa."

Warsan aliuliza. Akawa anakaa na ndugu zake, kinasa sauti kikiwa kinazunguka, anawaacha waongee. Baadaye anayageuza mazungumzo yale kuwa mashairi, akijitahidi kubaki mkweli kwa aliyoyasikia. Amewahi kueleza kwamba kila mtu aliyemwandika, ama anamfahamu, ama ni yeye mwenyewe.

Matunda yake yalikuwa kijitabu chembamba kilichotoka mwaka 2011, Teaching My Mother How to Give Birth. Yaani kumfundisha mama yangu kuzaa! Hebu fikiria jina hilo. Sisi wa pwani tunamjua Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi katika karne ya 19 kumfundisha jinsi ya kuishi na mume. Kule mama anamfundisha binti. Kwa Warsan meza imegeuzwa: binti ndiye anayemsaidia mama kulitoa lililomkaa tumboni miaka yote. Ndani ya kijitabu kuna vita, kuna mapenzi, kuna miili ya wanawake na mambo ya kitandani, bila kupepesa macho. Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

Usiku mmoja Roma

Mwaka 2009 Warsan alikwenda Roma, Italia. Huko aliwatembelea vijana wakimbizi waliokuwa wanaishi kwenye jengo la uliokuwa ubalozi wa Somalia, limetelekezwa, wamejibanza humo kwa kukosa pa kwenda. Usiku wa kuamkia siku ile, kijana mmoja alikuwa amejirusha kutoka juu ya paa na kufa.

Aliporudi aliandika. Kutokana na safari ile lilizaliwa shairi linaloitwa Home, linaloeleza kwa nini mtu anaikimbia nchi yake. Mwaka 2015, wakimbizi walipokuwa wanazama baharini wakijaribu kuingia Ulaya, shairi lile lilisambaa kwenye mitandao na kusomwa kwenye maandamano. Watu waliokuwa hawajawahi kununua kitabu cha mashairi walikuwa wanalisoma na kulia.

Milango ikafunguka

Tuzo nazo zikaja. Mwaka 2013 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupata tuzo ya ushairi wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Brunel, na mwaka huo huo akateuliwa kuwa Mshairi Kijana wa London, naye akiwa wa kwanza kushika cheo hicho. Muda wote huo mashairi yake yalikuwa yanasomwa kwenye Tumblr na Twitter. Wasichana waliyatumiana kwenye simu baada ya kuachwa, baada ya kusalitiwa, au usiku ule ambao simu ya mtu haipokelewi. Rekodi ya sauti yake mwenyewe, akighani shairi kuhusu wanawake walio wagumu kupendwa, ilizunguka sana.

Baada ya Lemonade angeweza kukimbilia umaarufu. Hakufanya hivyo. Aliolewa, akapata watoto, na mahojiano akayafanya kwa kuchagua. Mwaka 2019 alitunga maneno ya Brave Girl Rising, filamu fupi kuhusu msichana mkimbizi katika kambi ya Dadaab, Kenya. Mwaka 2020 kazi yake ilisikika tena kwa Beyoncé, kwenye Black Is King. Diwani yake kamili ya kwanza, Bless the Daughter Raised by a Voice in Her Head, ilitoka mwaka 2022. Miaka 11 baada ya kile kijitabu! Mwanadada hana papara.

Wewe je?

Si lazima uwe mshairi. Lakini jiulize, msomaji: unamjua mama yako kweli? Unajua alimpenda nani kabla ya baba? Ni lini alitaka kufunga virago, na nini kilimbakiza? Mengi tunayokwama nayo kwenye ndoa zetu, yeye alishayapitia, kanyamaza tu. Tunarudia makosa ambayo mtu wa chumba cha pili anayajua kwa jina.

Ukitaka kuanza, anza hivi:

Mkute akiwa na kazi mkononi. Akichambua mchele au kusuka ukili, maneno hutoka yenyewe. Ukimkalisha kama shahidi mahakamani atafunga mdomo.

Uliza dogo kwanza. "Mama, siku ya harusi yako ulivaa nini?" Swali hilo likifunguka, mengine yatafuata.

Usimhukumu. Akikwambia alivumilia kipigo, usiseme "mbona hukuondoka?" Sikiliza mpaka mwisho.

Lake ni lake. Kama unarekodi, mwambie. Akisema "hili liishie hapa", basi liishie hapo hapo.

Pengine siku ya kwanza atakujibu, "Mwanangu, hayo ya nini?" Usimlazimishe. Mmiminie chai, ukae. Wiki ijayo kaa tena.