Kutia Nanga Usiku Katika Ghuba ya Mchanga: Mfano wa Visiwa vya Ugiriki

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na nanga mapema. Mapenzi hutia nanga moyoni, msafiri hung'oa nanga alfajiri, na mjadala hutia nanga pale wasemaji wanapochoka. Aghalabu sisi tuliozaliwa bara huzichambua tamathali hizi bila kuwahi kuiona nanga ikizama. Matokeo yake ni kwamba huieleza nanga kama uzito tu, yaani kitu kizito kinachokizuia chombo kisiende. Maelezo hayo yana kasoro, na baharia anayeyaamini huenda akagutuka usiku wa manane chombo chake kikigonga mwamba.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mashua ya tanga inavyotiwa nanga kwa usiku mmoja katika ghuba yenye mchanga kwenye visiwa vya Ugiriki. Tumeteua mfano wa mbali kwa makusudi, ili tuone kama msamiati wa ubaharia tuliorithi kutoka pwani yetu unatosha kulieleza jambo la bahari ya wengine.

Upepo na Mahali

Katika Bahari ya Aegean, mwenye kauli wakati wa kiangazi ni upepo uitwao meltemi. Upepo huu huvuma kutoka kaskazini, na huwa na nguvu zaidi mwezi wa Julai na Agosti. Chanzo chake ni tofauti ya kanieneo ya hewa: juu ya nchi za Balkani kanieneo huwa kubwa, ilhali juu ya Uturuki huwa ndogo, na hewa hukimbia baina ya pande hizo mbili. Meltemi huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga jeupe lisilo wingu. Kwa hiyo, uangavu wa mbingu si dhamana ya usalama.

Maadamu upepo watoka kaskazini, nahodha hutafuta ghuba iliyo wazi upande wa kusini. Mathalani, ghuba ya Manganari, kusini mwa kisiwa cha Ios, ina mchanga na imekingwa na nchi kavu dhidi ya mawimbi ya meltemi. Hata hivyo, kinga hiyo si kamili, kwani upepo huporomoka kutoka vilimani kwa vishindo vya ghafla.

Kuhusu kujaa na kupwa kwa maji, baharia wa Aegean ana nafuu. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Huko Aegean tofauti hiyo huwa ni sentimita tu, hivyo kina kilichopimwa jioni hakibadiliki sana kufikia alfajiri.

Kuyasoma Maji

Nahodha mwangalifu huingia ghubani kabla ya jua kutua, kwa kuwa anahitaji mwanga wa kuisoma sakafu ya bahari. Mahali penye mchanga huonekana peupe au pa samawati hafifu. Mahali peusi huwa ni miamba au nyasi za bahari ziitwazo Posidonia oceanica. Juu ya nyasi hizo nanga huteleza, au hunasa mizizi kisha ikang'oka baadaye. Aidha, nyasi hizo ni makao ya samaki na hukua polepole mno. Ndiyo sababu sheria za Umoja wa Ulaya huzihifadhi. Kutafuta mchanga, basi, ni faida kwa baharia na kwa bahari pia.

Kabla ya kushusha chochote, nahodha huzunguka ghuba akipima kina na kuangalia vyombo vingine. Kila chombo kilichotia nanga huzunguka upepo unapogeuka, na nafasi kinayohitaji ni urefu wa mnyororo wake pamoja na urefu wa chombo chenyewe.

Kushusha Nanga

Omo huelekezwa kwenye upepo, na mashua husongea taratibu hadi juu ya mchanga, kisha husimama kabisa. Baharia aliye omo huishusha nanga mpaka iguse chini. Mashua huanza kusukumwa nyuma na upepo, naye hulegeza mnyororo kidogo kidogo ili ulale mstari mmoja, usirundikane juu ya nanga. Aliye omo na aliye kwenye usukani huelewana kwa ishara za mikono, kwa maana upepo humeza sauti. Amri hutoka kwa mmoja. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Urefu wa mnyororo hukokotolewa hivi: iwapo kina ni mita 5 na omo iko mita 1 juu ya maji, jumla ni mita 6. Kwa usiku wa kawaida jumla hiyo huzidishwa mara 5, yaani mita 30. Upepo mkali ukitarajiwa, huzidishwa mara 7, yaani mita 42.

Hatimaye injini hurudishwa nyuma, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu. Baharia huweka mkono juu ya mnyororo: ukitetemeka kwa mikwaruzo, nanga inaburuta, ukikaza na kutulia, imeshika. Asiyeridhika huvaa miwani ya kuzamia akaenda kujionea kama makombe ya nanga yamezama mchangani.

Kwa Nini Nanga Hushika

Hapa ndipo tunaporejea kasoro ya tamathali yetu. Nanga hushika kwa kuchimba. Ikivutwa kwa mlalo, makombe yake huzidi kujizika. Ikivutwa kuelekea juu, hung'oka. Mnyororo mrefu hulala chini na kuufanya mvuto uwe wa mlalo. Mnamo 1933, mwanahisabati Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor alibuni nanga yenye umbo la plau kwa msingi huo huo: wepesi wake ulifidiwa na uwezo wake wa kuchimba.

Usiku Wenyewe

Kamba ya nailoni hufungwa kwenye mnyororo ili ipokee mishtuko badala ya duara, mashine inayouzungusha mnyororo. Taa nyeupe inayoonekana pande zote huwashwa, kama Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinavyoagiza. Kisha nahodha huchagua alama mbili zilizopangana nchi kavu, mfano nyumba na mti ulio nyuma yake, na kuzitazama tena kila aamkapo. Alama zikiachana na omo haijageuka, nanga haijashika.

Hitimisho

Omo, usukani, makombe, duara na bamvua vimetufikisha Ugiriki na kuturudisha bila kuomba msaada mkubwa. Msamiati huu haujafa. Umekosa watumiaji tu. Nasi tutakaposoma tena kwamba mapenzi yametia nanga, tuulize yamechimba mchanga gani, na kwa mnyororo wa urefu gani. Wahenga walinena: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia naye, baada ya kukagua pande zote mbili, hushuka chini akalala.