Kabla ya Mche wa Stroberi Kupandwa

Wateja wangu wa Limuru hupenda kuniuliza kama stroberi zangu zimepigwa dawa. Swali zuri, ila la msingi zaidi ni hili: udongo ulifanywa nini kabla ya mche kupandwa? Stroberi ikirudiwa shamba lile lile, magonjwa ya kuvu hushika mizizi na kuinyausha.

Huko California, kitovu cha stroberi Marekani, njia ya mkato ilikuwa kutandaza nailoni na kufukiza udongo kwa gesi ya methili bromidi. Ilikufa kuvu, ikafa minyoo, yakafa na magugu. Lakini gesi hiyo ikipanda angani hula tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal, Marekani ilitakiwa kuiacha mwaka 2005, ila mashamba ya stroberi ya California yaliombewa ruhusa maalumu mwaka baada ya mwaka, hadi 2016. Wengi sasa hutumia kloropikrini, gesi iliyowahi kupelekwa vitani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mimi singetaka kuwa jirani yao.

Mkulima mmoja wa huko huko California, Jim Cochran, alipita njia nyingine. Alianza Swanton Berry Farm mwaka 1983, akaacha kufukiza, akawa anapokezanya stroberi na brokoli, ambayo mabaki yake yakichanganywa na udongo hupunguza kuvu. Gharama yake ni kwamba brokoli haileti pesa za stroberi, na mavuno ya kilimo hai kama chake, kwa ekari, kwa kawaida huwa madogo, hivyo kilo zile zile zinadai ardhi zaidi.

Je, udongo unanufaika? Mwaka 2010 mtafiti John Reganold na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha jozi 13 za mashamba ya stroberi ya Watsonville, California, la kilimo hai na la kawaida. Udongo wa kilimo hai ulikuwa na kaboni, nitrojeni na vijidudu hai zaidi; matunda yake yalikuwa madogo lakini yalikaa muda mrefu bila kuoza.

Hata hivyo cheti cha kilimo hai hakimalizi mambo. Nailoni ya kufunika matuta hutandazwa kwenye mashamba ya kilimo hai na ya kawaida pia, na kila msimu hung'olewa ikiwa taka. (Mimi natandika nyasi kavu, konokono wananishukuru.) Tena kuna maji. Katika Bonde la Pajaro, penye mashamba hayo ya Watsonville, visima vimevutwa kupita kiasi hadi maji ya bahari yakapenya chini ya ardhi, na wakulima wa aina zote mbili huchota humo humo.