Sanamu ya mabaki ya mbao: kwa nini nyingine hupasuka kwenye maungio?

Pita kwenye karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, jioni mafundi wakifunga kazi. Chini kumejaa vipande vya mninga, mtiki na paini. Vingi huishia jikoni kama kuni. Lakini ukiviunga kwa gundi unapata gogo zima la kuchonga, tena kwa bei ya chini sana ukilinganisha na mpingo.

Na mpingo siyo wa kuuchezea. Mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Kijana anayejifunza kuchonga atauharibu kwa mazoezi mpaka lini?

Shida ni hii: sanamu inatoka safi, inauzwa, halafu miezi mitatu baadaye mteja anakutumia picha WhatsApp. Uso umepasuka katikati. Wengi wanailaumu gundi, wakati mara nyingi gundi haina kosa.

Ubao hunyonya unyevu wa hewa ukavimba, ukikauka unasinyaa. Hilo hutokea kwenye upana wake. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, habadiliki sana. Sasa ukigandisha kipande cha nyuzi zilizosimama juu ya kile cha nyuzi zilizolala, kimoja kinavuta, kingine kimegoma. Lazima kitu kiachie. Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo la gundi, panga vipande vyote nyuzi zielekee upande mmoja.

Usigandishe kichwa kwa kichwa pia. Pale ubao ulipokatwa kuna vitundu kama mirija, vinafyonza gundi yote na kuacha ungio kavu. Gandisha ubapa kwa ubapa.

Mbao ziwe zimekauka sawasawa, na zipigwe randa siku hiyohiyo ya kuunga, hasa mtiki, maana una mafuta yanayokataa gundi. Paka gundi nyeupe pande zote mbili, kaza kwa jiliwa mpaka itoke kidogo kingoni. Huna jiliwa? Mpira wa tyubu ya baiskeli, ukizungushwa kwa nguvu, unasaidia. Subiri saa 24 kabla ya kugusa patasi. Hapa ndipo haraka inapowaponza wengi.

Sanamu ya kukaa nje inahitaji gundi isiyoogopa maji. Hiyo nyeupe ya kawaida italegea mvua zikianza. Ng'oa misumari yote. Vipande vya MDF viache: havina nyuzi za kuchongeka, na vumbi lake lina kemikali za gundi ya kiwandani. Barakoa vaa hata kwa mbao za kawaida.

Kuunga siyo ujanja wa maskini. Mchongaji wa Japani, Jōchō, alimaliza sanamu ya Buddha Amida ya hekalu la Byōdō-in mwaka 1053 kwa kuunga vipande vya mbao, ndani akaacha uwazi ili isipasuke. Bado ipo.

Jambo moja kwa wauzaji: msipake kiwi nyeusi mkaiita mpingo. Mnunuzi mjanja anajua mpingo halisi huzama kwenye maji. Halafu mistari ya mninga mwekundu kando ya paini nyeupe ndiyo inayoipendezesha sanamu yenyewe, mnaifichia nini?