Karafuu Huanikwa, Ng'ombe Haanikwi

Ndugu Wanachama,

Kila msimu ukifika, kurasa zetu hujaa habari za kuchuma, kuchambua, kuanika na bei. Ndivyo inavyopasa, maana karafuu ndiyo iliyotukutanisha katika chama hiki. Lakini leo naomba ruhusa niseme habari za mwenzetu asiye na kadi ya uanachama, naye ni ng'ombe aliyefungwa kamba pembeni mwa shamba.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja karafuu zilipevuka zote kwa pamoja, nyumba nzima tukahamia shambani. Wachumaji walikuwa juu ya mikarafuu, akina mama na watoto kwenye majamvi wakichambua. Ng'ombe wangu, mwenye ndama wa miezi minne, nilimfunga alfajiri nikamwagiza kijana amhamishe adhuhuri. Kijana naye akaitwa kuchambua. Jioni nilimkuta ng'ombe amejizungusha kamba kwenye kisiki, jua limempiga kutwa, mdomo mkavu, na majani yaliyomzunguka yamekwisha hata udongo unaonekana. Mzee mmoja jirani alikuwa akipita. Akatazama majamvi yangu, akamtazama na ng'ombe, akasema, "Katibu, karafuu umezianika vizuri. Na huyu naye umemwanika?" Sikuwa na jibu.

Siku za namna ile zilikuwa nyingi msimu ule. Maziwa yalipungua hata nusu, wala ng'ombe hakushika mimba kwa wakati. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, nami nawaletea niliyoyapata.

Kwanza, ng'ombe hali kama tulavyo sisi. Tumbo lake lina vyumba vinne. Hukata majani akayameza bila ya kuyatafuna sawasawa, yakaingia chumba kikubwa chenye vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyoyavunja. Kisha hulala akacheua, tonge baada ya tonge. Kula huweza kumchukua muda wa saa 8 kwa siku, na kucheua karibu saa 8 nyingine. Basi aliyemaliza majani yake mapema asubuhi hana cha kucheua mchana, na aliye juani hana raha ya kulala. Mhamisheni walau mara mbili kwa siku, na mchana awe kivulini. Lakini msimfunge kwenye shina la mkarafuu, kwani kamba hukwangua gome na mti ukaumia.

Pili, maji. Katika kila sehemu 100 za maziwa, sehemu 87 ni maji. Anayenyimwa maji atatoa maziwa gani? Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye ndama aweza kumaliza debe moja hata mawili katika siku ya jua kali. Kumpa ndoo moja jioni ni kumdhulumu yeye na kujidhulumu sisi wenyewe.

Tatu, kutaka dume. Ng'ombe jike asiye na mimba hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, na hali hiyo haidumu hata siku nzima. Hulia ovyo, hupanda wenzake, hutulia akipandwa. Aliyefungwa peke yake shambani, nani atamwona? Fursa moja ikipita, siku 21 zimepotea; zikipita mbili, ni mwezi na zaidi. Na kwa kuwa mimba huchukua miezi 9 na siku chache, asiyeangaliwa hawezi kuzaa kila mwaka. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote, lakini ipo.

Nne, kupe. Unguja walikuwa na mbung'o mpaka mwaka 1997, ambapo ilithibitishwa kuwa wamekomeshwa kwa kuachia madume waliofanywa tasa. Sisi wa Pemba hatukuwa na mbung'o, lakini kupe tunao. Kupe wa kahawia apendaye masikio ndiye aletaye ndigana kali. Dalili zake ni homa, kuvimba mitoki chini ya sikio, kisha kuhema kwa shida. Yafaa tujue kuwa kupe huyu hauingizi ugonjwa mara tu anapouma. Kwa kawaida hunyonya siku kadhaa kwanza. Kwa hivyo kupapasa masikio kila jioni si kazi bure. Dawa ya kuogesha na chanjo, muulizeni bwana mifugo kabla ya msimu, si baada ya mnyama kuanguka.

Tano, ndama. Mtoto wa ng'ombe huzaliwa bila ya kinga mwilini, kwani haipati tumboni mwa mama yake. Kinga hiyo huipata katika dang'a, nayo yapasa ainywe ndani ya saa 6 za mwanzo. Siku moja ikipita, utumbo wake hauwezi tena kuipokea. Wako wanaoimwaga dang'a kwa kudhani ni maziwa mabovu. Kumbe wanamwaga uhai wa ndama.

Ndugu zangu, ng'ombe aliye huru hujitafutia maji, majani na kivuli. Tukimfunga, tumemwondolea uwezo huo, na haja zake zote zimekuwa deni juu yetu. Sote tulisikia chuoni habari ya yule mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Paka hakamuliwi wala hana samadi ya kutilia mikarafuu michanga. Itakuwaje basi kwa ng'ombe anayetulisha?

Shauri langu ni moja. Msimu huu, kabla ya kupandisha ngazi ya kwanza, kila nyumba imtaje mtu mmoja ambaye kazi yake ni ng'ombe, asiitwe kwenye majamvi hata karafuu zikiwa nyingi namna gani. Naye apewe fungu lake kama mchumaji, maana na yeye yuko kazini. Mimi kwangu nimekwisha kumtaja.

Katibu wenu.