Chambo Kisicho na Harufu

Wengi wenu mkaao Jangwani, Kariakoo na Magomeni mwaujua mto Msimbazi kwa ubaya wake tu. Mwezi wa Desemba 2011 maji yake yaliingia majumbani, yakaua watu, na wengi walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Na tangu hapo barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi pale bondeni wakati wa mvua kubwa. Lakini mto huu una mwisho wake, na mwisho huo una sura nyingine. Yakiisha kupita Jangwani, maji huenda polepole kati ya mikoko, hupita chini ya daraja la Salenda, kisha hukutana na bahari, pale ambapo tangu 2022 lasimama daraja refu la Tanzanite. Hapo maji ya mto na maji ya chumvi huchanganyika. Habari yetu ya mwezi huu ni uvuvi wa mahali kama hapo: kuvua kwa mshipi na chambo cha bandia, katika mtumbwi au ngalawa ndogo.

Chambo cha bandia ni nini? Ni kitu kisicholiwa, ambacho mvuvi amekitengeneza kifanane na chakula cha samaki. Hakina damu wala harufu. Mwenye kuvua kwa kipande cha ngisi aweza kushusha mshipi, akanyamaza, akangoja. Harufu yamfanyia kazi. Mwenye chambo cha bandia hana msaidizi huyo. Yampasa akitie chambo uhai kwa mkono wake mwenyewe, akivute, akilegeze, akishtue, hata samaki adhani kwamba ni kisamaki kilichojeruhiwa kinachojaribu kukimbia. Tena yampasa samaki akione. Tafadhali mlishike neno hili, maana tutalirudia.

Wako wadhanio kwamba uvuvi huu ni mchezo wa wageni wenye mashua za injini na fimbo za bei kubwa. Sivyo. Wavuvi wa pwani yetu hufunga manyoya ya jogoo au utepe mweupe juu ya ndoana, wakauburura mshipi nyuma ya ngalawa iendayo kwa tanga, wakapata nguru na jodari, wala hawana fimbo. Mshipi umezungushwa katika kipande cha ubao au chupa tupu. Tena jambo lenyewe ni la kale sana. Yapata miaka 1800 iliyopita Mrumi mmoja, Claudius Aelianus, aliandika habari za watu wa Makedonia, ambao walizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo, wakawanasa samaki wa mtoni waliozoea kula wadudu wa juu ya maji. Basi jogoo amewatumikia wavuvi siku nyingi, na kuku wachinjwao sokoni kwetu kila siku waacha manyoya ya kutosha ndoana zote za pwani.

Mtu mwingine ambaye habari zake zatupendeza ni Lauri Rapala wa Ufini. Alikuwa mvuvi asiye na mali, akivua katika ziwa la Päijänne kwa kupiga makasia mwenyewe. Akiwa katika chombo chake aliwaangalia samaki wakubwa wakilivamia kundi la wadogo, akaona kwamba hawamshambulii kila mmoja sawasawa. Humchagua yule aogeleaye kwa kuyumba, aliye dhaifu. Mwaka 1936 akachonga kisamaki kwa kitu kile kile kitengenezacho vizibo vya chupa, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa iliyofungia chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, akayeyusha filamu za picha akakipaka. Kisamaki kile kiliyumba majini kama mgonjwa, na siku hizi vyambo vyenye jina lake vyauzwa duniani pote. Twapenda jinsi alivyoangalia kwanza, ndipo akachonga.

Kwa mtu wa Jangwani asiye na fedha nyingi kipo kijiko. Chukua kijiko cha chai cha chuma, kilichochakaa, ukate mpini wake, utoboe tundu moja kila mwisho. Tundu la mbele litiwe kipete na mshipi, la nyuma litiwe ndoana. Kijiko kikivutwa hupinduka-pinduka na kumetameta kama tumbo la dagaa. Mahali palipokatwa pasuguliwe kwa tupa, la sivyo patakata mshipi. Kati ya kijiko na mshipi tia waya mwembamba wa urefu wa shibiri mbili, maana mzia ana meno makali, na nailoni kwake ni uzi tu. (Akina mama watuwie radhi, tumesema kijiko kilichochakaa.)

Sasa tuseme habari za maji, na hapa mvuvi mwenye haraka hupotea. Katika pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kila siku. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na mlango wa Msimbazi hubaki matope, ndege wakitembea mahali palipokuwa na mtumbwi. Wakati wa maji mafu mkondo ni mpole, na maji huwa maangavu zaidi, kwa kuwa tope halikutibuliwa sana. Sisi twapenda maji mafu, ijapokuwa wako wavuvi wasemao kwamba samaki wa bamvua wana njaa zaidi.

Maji yakijaa, visamaki na uduvi huingia katikati ya mizizi ya mikoko kutafuta chakula na maficho. Mti uitwao mchu una mizizi ichomozayo juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa, wala samaki mkubwa hawezi kupenya humo. Basi wakubwa hungojea nje. Maji yakianza kupwa, wadogo hawana budi kutoka, wote kwa vijia vile vile vyembamba, na kolekole, mzia na chewa huwavizia penye kina, pale kijia kiingiapo katika mkondo mkuu. Mvuvi ajuaye jambo hili hazunguki ghuba nzima. Huweka mtumbwi wake kando ya mkondo, mbali na mdomo wa kijia kiasi cha mtupo mmoja, hushusha nanga ya jiwe bila kishindo, hutupa chambo kuelekea mikoko, akakivuta kuelekea kule kule maji yaendako, maana kisamaki dhaifu hakishindani na mkondo. Saa mbili za kwanza za kupwa zatosha. Akikawia zaidi atakwama topeni mpaka maji yarudi, na jua la saa saba halina huruma.

Wawe wawili chomboni, mmoja wa kafi na mmoja wa mshipi, wala wasisimame pamoja. Ngalawa kwa matengo yake mawili haipinduki upesi, lakini matengo hayo hunasa mshipi. Katika vijia vya mikoko twaona mtumbwi mpana wafaa zaidi.

Mkizi arukaye juu ya maji asimhadae mtu. Yeye huokota chakula chake katika tope, wala hajali kijiko. Wahenga walisema kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, lakini furaha hiyo huja akijirusha mwenyewe mtumbwini. Hata hivyo, mahali ambapo mkizi wengi waruka kwa pamoja na kwa hofu, yuko awafukuzaye chini yao. Tupa hapo.

Tulisema kwamba samaki hana budi kukiona chambo, na hiyo ndiyo shida ya mto wetu. Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, hupokea vijito vya Ubungo na Sinza, na kila mtaa upitiapo huupa kitu: maji ya vyoo, ya machinjio na ya viwanda, mchanga wa makorongo, na takataka za majumbani mwetu. Wataalamu waliopima maji yake wamekuta vijidudu vya kinyesi kwa wingi, na madini mazito kama risasi. Mifuko ya plastiki ilikatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kweli imepungua, lakini chupa na magunia bado. Ndoana ivutwayo katika mkondo baada ya mvua hurudi na matambara kabla ya kurudi na samaki.

Samaki ana mstari mwembamba ubavuni, toka nyuma ya kichwa hata mkiani, ambao kwa huo husikia mtikisiko wa maji. Kwa hiyo katika maji yaliyotibuka kidogo kijiko kizito bado chaweza kumwita. Lakini maji yakiwa kama chai ya maziwa, mzia na kolekole huenda zao nje, penye kuona. Abakiye ni hongwe, samaki mwenye masharubu, atafutaye chakula katika tope kwa kuonja na kunusa. Huyo atakula chambo kilichooza gizani, na kijiko chako hatakijua kamwe. Tena miiba yake ya mgongoni na ya ubavuni huchoma vibaya. Hatuwacheki vijana wamvuao, kwa maana kitoweo ni kitoweo. Lakini mahali ambapo hongwe peke yake ndiye apatikanaye, mwenye chambo kisicho na harufu amekwisha kufukuzwa, naye amefukuzwa na watu wa juu ya mto wasiopata kumwona.

Katika nyumba zenye watoto wadogo jambo hili lina uzito zaidi. Moto wa jikoni huua vijidudu, risasi hauiondoi. Kwa hiyo hatuwashauri wazazi kuwazoeza watoto samaki wa mlango wa Msimbazi, hata wakiwa wa bure. Mwenye kutaka kuvua aende upande wa pili wa mji, katika mkono wa bahari upitao Kurasini, chini ya daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016, ambako mito Kizinga na Mzinga huingia na mikoko ipo. Maji ya huko nayo yana uchafu wa mji na wa bandari, basi achague siku za kiangazi na maji ya kujaa yatokayo baharini, wala asikatize njia ya meli na pantoni. Awe na leseni, kama iagizavyo Sheria ya Uvuvi ya 2003. Sheria hiyo hiyo yakataza baruti, ambayo kwa miaka mingi iliua wakubwa na wachanga pamoja katika pwani hii na kuvunja matumbawe. Kijiko humtwaa samaki mmoja mmoja, na kijino cha ndoana kikibanwa kwa koleo, mchanga aweza kurudishwa majini akiwa mzima.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha kwa mradi wa bonde la Msimbazi. Makusudi yake ni kupunguza mafuriko, kujenga daraja jipya la Jangwani, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya mji. Jambo hili ni jema, na waliolala juu ya paa usiku wa mafuriko wajua wema wake. Lakini bustani yaweza kupandwa bondeni ilhali mitaa ya juu yaendelea kumwaga yale yale, na hapo maji yatapita katikati ya maua yakiwa na rangi ile ile ya chai.

Walimu waweza kulipima jambo hili pamoja na wanafunzi wakubwa, bila gharama. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padre wa Shirika la Yesu na mtaalamu wa nyota, alishusha sahani nyeupe katika bahari ya Mediterania kutoka katika meli ya Papa, akapima kina ambapo haikuonekana tena; nao wataalamu wa maji hutumia njia hiyo hata leo. Tafuteni sahani nyeupe ya bati, mtoboe matundu matatu, mfunge jiwe chini yake, na juu yake kamba yenye fundo kila sentimita 10. Siku isiyo na upepo wa kusi, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea, ishusheni kwenye upande wa mtumbwi wenye kivuli, wakati wa kujaa na tena wakati wa kupwa. Andikeni tarehe, mwezi una siku ngapi, na kama mvua imenyesha. Sahani ikionekana kupita mita moja, tupeni manyoya ya jogoo. Ikipotea kwenye nusu mita, tupeni kijiko kizito, mkivute polepole. Ikipotea kabla ya fundo la pili, kunjeni mshipi, mpige makafi kuelekea nje hata mzipite nguzo za Tanzanite, mpime tena.