Kununua Kiwanja: Daftari, Jiwe na Jirani

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililowaliza watu wengi wenye akili zao timamu, nalo ni kununua kiwanja. Sitasema habari za bei, wala sitataja mahali palipo pazuri pa kujenga. Nataka kueleza jinsi mnunuzi awezavyo kuhakikisha mambo mawili kabla ya kutoa fedha yake: kwamba yule amwuziaye anayo haki ya kuuza, na kwamba ardhi aliyoonyeshwa ndiyo ile iliyoandikwa katika hati. Nitasema hasa juu ya sheria za Kenya, kwa kuwa kila nchi ina zake.

Na tutunge mfano. Mtu mmoja amefanya kazi bandarini Mombasa miaka 25. Amestaafu, amepokea kiinua mgongo chake, naye anatafuta kiwanja ajenge nyumba ya kuzeekea. Dalali amempeleka mahali pa tambarare, karibu na njia, akamwonyesha na hati yenye muhuri. Anaambiwa afanye haraka, kwani wanunuzi wengine wamekwisha kuuliza. Mtu huyu akikosea, hatapewa miaka mingine 25 ya kuchukua mizigo. Basi yampasa kuwaita mashahidi watatu, kila mmoja kwa ushuhuda wake: daftari, jiwe na jirani.

Shahidi wa kwanza ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mambo ya ardhi neno hilo ni kweli tupu. Zamani huko Uingereza aliyetaka kununua ardhi alipaswa kusoma rundo la hati kuukuu, moja baada ya moja, na hati moja ikipungua, haki yote ilitiwa shaka. Katika Australia Kusini alikuwako Robert Torrens, aliyewahi kuwa mkuu wa forodha. Yeye alijua kwamba merikebu huandikwa katika daftari moja, na mwenye merikebu ni yule ambaye jina lake limo humo. Akauliza kwa nini ardhi isiandikwe vivyo hivyo. Sheria yake ilianza kutumika mwaka 1858, na kanuni hiyo ikaenea katika nchi nyingi, hata Kenya.

Kwa hiyo hati iliyo mkononi mwa mwuzaji ni kivuli tu. Mwili wenyewe ni daftari la Msajili wa Ardhi. Ayari aweza kuchapa hati nzuri kuliko ile ya kweli, lakini kuliingia daftari si kazi rahisi. Mnunuzi na achukue nambari ya kiwanja, alipe ada, aombe taarifa rasmi ya daftari, ile ambayo watu wengi huiita sachi. Taarifa hiyo itamwonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama milki haina mwisho au ni ya miaka iliyohesabiwa, na kama ardhi imewekwa rehani au imetiwa zuio. Tangu mwaka 2021 Serikali imeanzisha mtandao uitwao Ardhisasa, ulioanzia Nairobi, ili watu waweze kuomba habari hizo bila kupanga foleni.

Hapa nina maonyo mawili. La kwanza, usikubali taarifa aliyokuletea dalali. Iombe wewe mwenyewe au wakili wako. La pili, iombe mara mbili, kabla ya kutia sahihi mapatano, na tena karibu na siku ya kulipa. Kwa kuwa ardhi iliyokuwa huru mwezi wa kwanza yaweza kuwa na rehani mwezi wa pili.

Je, daftari likisema sawa, mambo yamekwisha? La, hayajesha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba hati ya milki ni ushahidi wa umiliki, lakini yaweza kupingwa kwa sababu ya ulaghai, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu, au kwa njia ya rushwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata shauri juu ya kiwanja cha ufuoni huko Nyali. Mnunuzi alikuwa na hati, na jina lake lilikuwa katika daftari. Lakini mahakama iliona kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya umma, na kwamba ilipogawiwa kwanza, taratibu za sheria hazikufuatwa. Kwa hiyo aliyeinunua baadaye naye hakuwa na haki ya kulindwa. Fundisho lake ni hili: usiangalie tawi peke yake, chimba mpaka shina. Uliza ardhi hii ilitoka wapi, ilitolewa na nani, na kwa barua gani. Uangalifu huu wahitajika zaidi penye ufuo, kando ya barabara, na palipokuwa bustani au shule ya umma.

Shahidi wa pili ni jiwe, yaani alama ya mpaka, ambayo wengi huiita bikoni. Daftari lataja mwenye mali. Jiwe laonyesha mali yenyewe ilipo. Yatupasa kujua kwamba ramani ni za aina mbili. Iko mipaka iliyopimwa hasa, ambayo mpimaji ameweka alama ardhini na kuandika vipimo vyake, hata ikiwa alama imepotea aweza kuirudisha mahali pake. Na iko mipaka ya jumla, iliyo mingi katika mashamba ya bara, ambako tangu miaka ya 1950 vipande vya ardhi viliunganishwa na kuandikishwa. Huko mpaka ni ua wa miti au mfereji, na ramani ilichorwa kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka angani. Sheria yenyewe yasema kwamba ramani ya namna hiyo huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Atakayeweka rula juu yake na kudai futi tatu za jirani anajitafutia ugomvi bure. Na mahakama haitasikiliza shauri la mpaka huo kabla Msajili hajauamua.

Kwa sababu hiyo mnunuzi wetu na amwite mpimaji mwenye leseni, waende pamoja kiwanjani, wakichukua ramani, watafute bikoni zote moja moja. Ndipo atakapojua kama kiwanja cha tambarare alichoonyeshwa ndicho chenye nambari ile, au kama nambari ile ni ya kipande kilichoko bondeni penye maji. Ndipo atakapoona kama ukuta wa jirani umeingia ndani, au kama nusu ya kiwanja imo katika eneo lililotengwa kwa barabara. Kuondoa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai, lakini wako watu wasioogopa kulitenda usiku.

Na tupige hesabu kidogo. Viwanja vingi Kenya huuzwa kwa jina la hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, na madalali husema kwamba hiyo ni sehemu ya nane ya eka. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Ukiigawa kwa 8 utapata 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000 tu. Zimepungua futi 445, ukubwa wa chumba kimoja kikubwa na baraza yake. Tena hati huandikwa kwa hektari: sehemu ya nane kamili ni hektari 0.0506, na hamsini kwa mia ni hektari 0.0465. Basi soma tarakimu ya hati, wala usinunue jina.

Shahidi wa tatu ni jirani. Ziko haki ambazo sheria huzitambua ijapokuwa hazikuandikwa katika daftari: njia ya kupita, haki ya maji, na amana ya kimila, yaani ardhi ya ukoo iliyoandikwa kwa jina la mtu mmoja ili aishike kwa ajili ya wote. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana ya namna hiyo humfunga mwenye hati. Vilevile mtu aliyekaa waziwazi katika ardhi ya mwenzake miaka 12 bila ruhusa yake aweza kudai kuwa ni yake. Mambo haya hayamo katika karatasi. Yamo katika vinywa vya wazee na katika nyayo za watu. Enda kiwanjani mchana, enda tena jioni. Uliza nani alimaye hapa, makaburi haya ni ya nani, njia hii yaelekea wapi. Ukiwa unanunua kwa mtu aliye na mke au mume, pata ridhaa ya mwenzake. Na ikiwa ni shamba la kilimo katika eneo lililo chini ya sheria ya mwaka 1967, hapana budi Bodi ya Kudhibiti Ardhi itoe idhini. Bila idhini hiyo mapatano ni bure.

Wengine watauliza, je, hakuna bima ya jambo hili? Ipo, nayo ilizaliwa Marekani. Huko Pennsylvania mtu mmoja alinunua ardhi, na mtengenezaji wa hati aliona kwamba kulikuwa na deni la hukumu juu ya mwuzaji. Akamwuliza wakili, wakili akasema deni hilo haliishiki ardhi hiyo. Kumbe lilikuwa limeishika, na mnunuzi akapata hasara. Mwaka 1868 mahakama iliamua kwamba mtengenezaji wa hati hakuwa na kosa, kwa kuwa alitegemea shauri la wakili kwa nia njema. Basi mnunuzi akabaki mikono mitupu. Kwa ajili ya mashaka ya namna hiyo, kampuni ya kwanza ya bima ya hati iliundwa Philadelphia mwaka 1876. Mnunuzi hulipa ada mara moja, na kosa la zamani likitokea baadaye, kampuni humtetea au humlipa.

Lakini sikilizeni vizuri. Kwa kawaida bima hiyo huacha nje yale ambayo upimaji ungaliyafunua, isipokuwa upimaji umefanywa. Hata huko Marekani, basi, jiwe haliepukiki. Tena bima hulipa fedha. Hairudishi kiwanja, wala nyumba, wala kaburi la mama. Katika Kenya sheria ya 2012 yatoa fidia kwa aliyepata hasara kwa kurekebishwa kwa daftari, lakini si kwa mtu aliyechangia hasara hiyo kwa uzembe wake. Asiyeuliza aweza kuhesabiwa miongoni mwa wazembe.

Ndugu zetu wa Tanzania wakumbuke kwamba kwao ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Anunuaye hupata haki ya kuitumia, tena mara nyingi kwa miaka iliyowekwa. Hata hivyo maswali matatu ni yale yale.

Turudi kwa mtu wetu wa bandarini. Fedha yake na ikae kwa wakili, isitolewe yote mpaka jina lake liandikwe katika daftari. Ada ya taarifa, ya wakili na ya mpimaji zitamwuma, nami sikatai. Lakini kiinua mgongo hupokewa mara moja tu. Dalali akimwambia kwamba hakuna nafasi ya kungoja mpimaji, basi amwachie kiwanja chake, arudi nyumbani na fedha yake mfukoni.