Pikapu Kuukuu ya Jeshi: Ipewe Kazi Kabla ya Kupewa Rangi

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walinena kwamba ivushayo ni mbovu. Chombo kilichochakaa mara nyingi ndicho kimfikishacho mtu ng'ambo, ilhali kile chenye nakshi kimebaki ufukweni kikisifiwa. Methali hiyo yafaa ikumbukwe kila tuionapo pikapu kuukuu ya jeshi imesimama nyuma ya karakana, matairi yamelala, turubai limechanika na betri imekufa zamani. Wapo watakaosema iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Wapo pia watakaosema ipakwe rangi, ifungwe taa nyingi, ipae juu ya matairi mapana, watu waione na kustaajabu.

Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Gari la jeshi lililochoka laweza kuhudumu tena, lakini uamuzi wa namna ya kulifufua usianzie kwenye rangi wala kwenye taa. Uanzie kwenye swali moja: gari hili litafanya kazi gani, wapi, na mikononi mwa nani?

Tuchukue mfano wa pikapu ya namna hiyo ikiwa Kanama, sekta ya Wilaya ya Rubavu ambayo wengi wetu tuliijua zamani kama sehemu ya Gisenyi. Pale Mahoko pana soko na pana barabara kuu itokayo Musanze kuteremkia Gisenyi na Ziwa Kivu. Mto Sebeya nao hupita sehemu hizo ukitoka milimani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, Sebeya ukafurika, udongo wa milima ukaporomoka. Katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Katika nchi ya namna hiyo, pikapu inayowaka asubuhi na kushika breki mteremkoni si pambo. Ni sehemu ya ulinzi wa raia.

HISTORIA YATUFUNDISHA

Magari tunayoyazungumzia yenyewe yalizaliwa kutokana na uamuzi wa aina hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia jeep kuukuu ya jeshi la Marekani katika shamba lake huko Wales. Alipofikiria gari la kuishika nafasi ya jeep hiyo, hakuwaza kwanza sura yake. Aliwaza kulima, kuvuta na kubeba. Chuma kilikuwa adimu kwa mgao wa serikali, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Mwaka 1948 Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, na baadaye ikaenea katika majeshi na vituo vya polisi vya Afrika nzima.

Huko Japani, Toyota ilitengeneza gari lake la BJ mwaka 1951 kwa kutarajia zabuni ya jeshi la akiba la polisi. Zabuni iliangukia kwa jeep. Lakini BJ lilipopanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, polisi wa Japani waliona kwamba hilo ndilo gari la kazi yao, wakaliagiza. Mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser, jina ambalo leo hakuna askari wa Afrika Mashariki asiyelijua.

Mfano wa tatu ni wa vita. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliyashinda majeshi ya Libya huko Fada na Ouadi Doum yakitumia pikapu za Toyota zilizofungwa makombora ya Milan, hata vita hivyo vikaitwa vita vya Toyota. Wapiganaji wa Chad hawakujaribu kuigeuza pikapu kuwa kifaru. Hawakuibebesha mabamba ya chuma. Waliiachia wepesi wake, na wepesi huo ndio uliozunguka vifaru vya adui jangwani.

Fundisho ni moja katika mifano yote mitatu: gari lililopewa kazi moja iliyo wazi hushinda gari lililotakiwa kuwa kila kitu.

NJIA TATU

Mwenye pikapu kuukuu anazo njia tatu mbele yake.

Ya kwanza ni kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani: rangi ileile, taa zilezile, hata nati za namna ileile. Njia hii yafaa kwa makumbusho na gwaride, ambako vijana wataona kwa macho yao historia ya jeshi. Ni njia ya heshima, lakini ni ghali na hudai subira, kwa kuwa spea za asili hutafutwa mbali. Gari la namna hiyo lisipelekwe kubeba mawe siku ya umuganda.

Ya pili ni kuikarabati kwa kazi. Hapa asili si sheria. Kinachofaa hubaki, kisichofaa huondolewa, na spea hununuliwa kwa kuangalia kama zapatikana Rubavu, Musanze au Kigali.

Ya tatu ni kuigeuza kwa kupenda tu: kuinua bodi, kupachika matairi mapana, kuongeza nguvu za injini. Hatumkatazi mtu raha yake, ila ajue gharama. Gari lililoinuliwa hupinduka upesi zaidi katika kona, na barabara ya kuteremkia Gisenyi ina kona nyingi. Injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na lita 4.2, ilitengenezwa ifanye kazi bila turbo. Afungaye turbo kwa pupa huizidishia joto, na mwisho wake ni kununua silinda hedi nyingine.

Kosa kubwa ni kuzichanganya njia hizi. Mshika mbili moja humponyoka. Pikapu inayotakiwa iwe ya makumbusho leo, ya uokoaji kesho na ya harusi keshokutwa haitafika popote.

KANAMA YATAKA NINI

Kwa maoni yetu, pikapu ya Kanama yafaa ifuate njia ya pili. Na mahali penyewe pametaja mahitaji.

La kwanza ni breki. Land Rover za zamani zina breki za drumu katika magurudumu yote manne. Maji yakiingia ndani ya drumu, breki hupoteza nguvu mpaka zikauke. Dereva aliyevuka maji hana budi kukanyaga breki polepole mara kadhaa akiwa mwendo mdogo, ili joto lizikaushe kabla hajaanza mteremko. Mipira ya mafuta ya breki iliyokaa miaka kumi isitazamwe mara mbili. Itolewe, iwekwe mipya.

La pili ni maji. Wengi hupenda kufunga bomba refu la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya kabini. Kifaa hicho kina maana, kwa sababu injini ikivuta maji badala ya hewa, maji hayabanwi kama hewa, na mkono wa pistoni hupinda au kukatika. Lakini bomba hilo haligeuzi gari kuwa mtumbwi. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu yaweza kuyasomba magari mengi, pikapu ikiwamo. Sebeya ukishafurika, mwokoaji hodari ni yule anayesimamisha gari mahali pa juu na kutumia kamba. Akiisha kutoka majini, achunguze mafuta ya difu na ya giaboksi. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na mafuta hayo yamwagwe siku hiyohiyo.

La tatu ni mzigo. Pikapu ya uokoaji itabeba watu, machela, majembe na kamba. Springi zipimwe kwa mzigo huo. Mabenchi ya nyuma yafungwe imara kwenye fremu, na upinde wa chuma uwepo wa kuwalinda waliokaa humo gari likipinduka.

Usukani nao una neno lake. Rwanda huendesha kulia, Uganda na Tanzania kushoto. Gari kuukuu lililotoka upande huo lina usukani wa kulia, na dereva wake hawezi kuona vizuri anapotaka kulipita lori katika kona. Jambo hilo liamuliwe kwa sheria na kwa usalama kabla ya kutumia senti moja.

MPANGO WA KAZI

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Bodi ya aluminiamu ya Land Rover yaweza kung'aa huku fremu ya chuma iliyo chini yake imeliwa na kutu. Tena, pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu huliwa upesi zaidi. Basi fundi alale chini ya gari, agonge fremu kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito, na bisibisi hupenya.

Fremu ikiwa salama, zifuate breki, usukani, springi na matairi. Kisha waya za umeme, na hapa pana mtego: baadhi ya magari ya jeshi yaliyobeba redio yana umeme wa volti 24, na taa za kawaida za volti 12 zitaungua mara moja. Baada ya hapo injini, pamoja na mkanda wake wa taimingi, ambao usiaminiwe bila kujulikana ulifungwa lini. Bodi ifuate. Rangi iwe ya mwisho.

Walio wengi huanza na rangi kwa sababu huonekana. Fedha zikaisha, gari likabaki zuri lisilosimama mteremkoni.

ALAMA ZA JESHI ZIONDOKE

Jambo la mwisho lawahusu polisi na askari kwa pamoja. Gari lililotoka jeshini kihalali na kuwa mali ya raia au ya chama cha ushirika lazima livue sare yake. Namba za jeshi, rangi za kujificha, ving'ora na vishikio vya silaha viondolewe. Namba ya fremu na ya injini zilingane na karatasi, na gari lipite ukaguzi wa kiufundi. Rubavu ni wilaya ya mpakani. Askari wa kizuizini, usiku, katika mvua, ana muda mfupi mno wa kuamua gari linalomjia ni la nani. Mwenye kubakiza alama za jeshi kwa kujipamba humtia askari huyo katika hatari, na hujitia mwenyewe pia. Naye mhalifu hupata njia ya kujifananisha nasi.

Askari mstaafu hurudi kijijini bila bunduki wala sare, lakini nidhamu yake hubaki, na majirani humtegemea kwa hiyo. Pikapu ya jeshi nayo iwe hivyo. Tuiondolee alama, tuipe breki nzuri na kazi moja inayojulikana. Mvua itakaponyesha tena juu ya Kanama, hakuna atakayeuliza ilipakwa rangi gani. Watauliza kama imewaka.